Glasi ya Mama Mkwe

Haya yalimpata shoga yangu Solange, hapa hapa Vichy, mji wa Ufaransa ambako wagonjwa huja kunywa maji ya tiba. Kwenye chemchemi yetu kila mgonjwa ana glasi yake, na haiguswi na mdomo mwingine. Mama mkwe wake akitaka kuongezewa maji, aligonga glasi kwenye kaunta: ko, ko.

“Gonga mpaka ufe,” Solange alimjibu siku moja. Bibi wa watu akafa wiki hiyohiyo.

Solange akaja chemchemini kuichukua glasi ya marehemu. Ukumbi ulikuwa giza, mabomba yakikoroma.

“Usinywee hiyo, shoga,” mhudumu wa kaunta alimwonya.

“Kwani marehemu ataninyang'anya?” Akaijaza, akanywa yote.

Ko, ko.

Mhudumu alidhani anataniwa. Solange alikuwa akiukodolea macho mkono wake mwenyewe. Mpaka leo mkono huo unagonga, hata yeye akiwa usingizini.