Pumzi kwa Sarafu

Ilikuwa Jumanne kama Jumanne nyingine. Dada yangu Kaltumu anashona sare za shule pale Mbugangari, mume wake Mudathiru akaingia na zawadi. Miaka yote ya ndoa yao mtu huyo hajawahi kumletea hata kitambaa cha kichwa. Siku hiyo kaleta sarafu nyeusi ya Roma ya zamani, kaipata Goma. Upande mmoja kichwa cha mfalme, upande wa pili daraja alilolijenga mfalme huyo, ili watu wasimsahau.

"Bon, kila asubuhi uitie pumzi, uisugue na kanga yako," akamwambia. "Ni yako peke yako."

Kaltumu akafurahi, masikini. Mimi roho ilikataa. Mudathiru alikuwa anajenga daraja kule Nyakiriba, na kila akilisimamisha mto unalibeba. Mtu aliyeshindwa na kazi hivyo anatoa wapi moyo wa zawadi?

Sarafu ikaanza kung'aa. Dada akaanza kukonda. Akisugua, anahema, akimaliza, midomo imepauka. Nikamwambia aitupe ziwani kabla haijammaliza.

"We uko na wivu," akaninong'oneza. "Mume yangu ananipenda. Donc, niache."

Maneno hayo yaliniuma, na mpaka leo yananiuma.

Asubuhi moja Mudathiru akaichukua sarafu, akaenda nayo kazini. Hakuaga. Mchana nilikuwa nimekaa na dada kwenye mashini yake, jua linawaka, barabara ina watu. Hakuna aliyeita. Kaltumu akainua kichwa.

"Karame," akaitika, kama tunavyomuitika mtu akituita.

"Nani amekuita?"

"Mudathiru. Anasema niende nishikilie mawe ya daraja."

Akalaza shavu juu ya kitambaa. Nikamgusa. Alikuwa baridi.

Siku ile mto ulifurika. Daraja halikutikisika.

Tulimuosha mimi na shangazi Mukamazimpaka. Vidole vyake vilikuwa vimekunjwa, tukavifungua taratibu. Kiganja cha kulia kilikuwa na alama ya duara, na ndani yake daraja. Cha kushoto kilikuwa na kichwa. Hakikuwa cha mfalme. Kilikuwa cha Mudathiru, na pua yake ileile iliyopinda, amevaa taji.

"Funga mukono," shangazi akanong'ona.

Tulisugua kwa sabuni. Tukarudia. Alama hazikutoka.

Mudathiru alikuwa mlangoni, anauliza kama tumemaliza. Nyakiriba walikuwa wanamngoja darajani, wampigie makofi.