Joto la Maji Mawili

Foleni ya kubadilishia bandeji ilikuwa imejaa hadi kwenye ngazi siku ambayo mwanamume mwenye koti jeupe alimkanyaga msichana mguu.

"Samahani, dada! Nimekuumiza?"

"Mimi hapana. Ungemkanyaga mama yangu ndiyo ungenitambua."

Mama alikuwa ameketi kwenye benchi, mguu wa kushoto umefungwa toka kifundo hadi karibu na goti. Kidonda kilikuwa na mwaka wa tatu. Msichana alivaa gauni la kijani lililopauka mabegani, na alikuwa na tabia ya kumtazama mtu mikono kabla ya uso. Huyu alikuwa na vidole vyembamba, kucha safi kuliko za wauguzi.

"Unafanya kazi gani?"

"Napima joto."

"La wagonjwa?"

"La gundi."

Mama akacheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Haya baba, gundi ikipata homa utuambie."

Baada ya miezi miwili msichana alipata kibarua cha kuosha vyombo kwenye maabara ya ghorofa ya juu, hospitali hiyohiyo. Wenzake wakamwita Bi Chupa. Yeye akampachika mpimaji jina la Bwana Joto, na saa za chakula wakawa wanakaa pamoja dirishani.

"Poda hizi mbili," Bwana Joto alimweleza, "ukiziyeyusha kwenye maji ya chumvi zinakuwa nyuzi ndefu, nyembamba hata jicho halizioni. Nadondosha moja ndani ya nyingine. Zikishikana, joto linatoka. Kidogo mno, lakini mashine inalinasa."

"Zinashikana kwa kupendana?"

"Kupendana kidogo, kusukumwa kidogo. Kila uzi una maji yaliyoung'ang'ania. Nyuzi zikikumbatiana, yale maji yanaachiliwa yaende yatakako. Huo uhuru wa maji nao unazisukuma."

"Kumbe wawili wanaoana ili majirani wapate nafasi."

"We Bi Chupa, wewe!" Alicheka mpaka akapaliwa.

Gundi hiyo ya poda mbili ilikusudiwa kuziba vidonda sugu. Nyuzi zikishikana barabara, kidonda kingefunga. Zisiposhikana, gundi ingeyeyukia humohumo ndani na kuozesha nyama.

Mwaka ulipita, wakawa wapenzi, na Jumamosi moja mchana simu ya msichana ililia.

"Laazizi, uko wapi?"

"Nafua."

"Acha kufua! Zinashikana! Vilele vya joto kwenye skrini vimepanda hadi juu. Ijumaa nasoma ripoti, na Daktari ameniahidi ajira ya kudumu. Jumatatu wanaanza kupaka wagonjwa kumi na wawili. Wa kwanza ni mama yako, nimemwandika mwenyewe."

Msichana alikaa juu ya nguo mbichi akalia. Hakuna mtu aliyewahi kumpa zawadi ya namna hiyo.

Alhamisi asubuhi Bwana Joto alikuja na shati jipya la bluu, akasimama kando ya sinki akimsomea ripoti kwa mazoezi. "'Kwa uhakika zaidi, matone ya poda ya kwanza yalidondoshwa pia kwenye maji ya chumvi matupu, mara tatu, na joto halikuonekana.'"

Mikono ya msichana ilisimama ndani ya povu.

"Lini?"

"Lini nini?"

"Hayo ya maji matupu. Kila kikombe kinachotoka kwenye mashine kinakuja hapa kwangu na lebo yake. Cha maji matupu sijaosha hata kimoja."

"Mpenzi, hicho ni kitu cha kawaida. Jibu lake linajulikana."

"Basi fanya jaribio hilo sasa. Nitangoja."

Alilifanya huku amevimba. Saa nzima wakatazama skrini. Vilele vikapanda, urefu uleule. Poda ya pili haikuwamo, na joto lilikuwapo.

Msichana alitoa madumu mawili ya maji ya chumvi kwenye friji. "La kwanza lilipokaribia kuisha, ulinipigia simu ukaniambia nitengeneze jingine. Poda moja umeiyeyusha kwa hili, ya pili kwa hili. Maji haya mawili yakikutana, chumvi zisipolingana, yanatoa joto?"

Bwana Joto aliyeyusha upya poda zote mbili kwa maji ya dumu moja. Akapima tena. Mstari ukalala chini, haukuinuka.

"Huenda bado zinashikana," akasema taratibu. "Hutokea, zikashikana bila kutoa joto. Ila lazima nipime upya kwenye baridi zaidi na kwenye moto zaidi. Miezi miwili."

"Waambie miezi miwili."

"Nafasi itakuwa ya mtu mwingine!" Akavuta orodha ya wagonjwa, akalikata jina la kwanza kwa kalamu. "Haya. Mama nimemtoa, hatapakwa kitu. Na mimi nakuoa. Mwezi huu huu, nakuja kwenu na wazee wangu. Ila hili liishie hapa kwenye sinki."

Maneno hayo msichana alikuwa ameyangoja mwaka mzima. Alivua glavu, kidole kimoja kimoja.

"Na hao kumi na mmoja hawana mabinti?"

"Usinifanyie hivi, mpenzi."

Msichana alibeba madumu, moja kila mkono. Bwana Joto alisimama mlangoni akiwa amemziba njia, macho mekundu. Kisha akasogea. Daktari, mkuu wa maabara, alimsikiliza msichana hadi mwisho.

Majaribio yalifutwa. Bwana Joto alifukuzwa, na msichana naye, kwa kutengeneza maji bila kibali cha maandishi. Mashine ikafungwa na kupelekwa kwingine.

Wiki ya tatu simu ya msichana ililia.

"Umeridhika?"

"Hapana."

"Bado nakupenda."

"Najua. Usije."

Alimsikia Bwana Joto akishusha pumzi. "Unajua, huenda zilikuwa zinashikana kweli. Na sasa hakuna atakayepima."

"Huenda."

"Hatutajua tena."

"Hatutajua," aliitikia. Kila mmoja akasubiri mwenzake akate simu. Aliyekata ni msichana.