Kidole Gumba cha Baba

Kila nikitoka shule nilipitia kwenye kibanda cha baba cha kunyoa. Nilifagia nywele, nikakunja taulo, nikapanga vitana kwa ukubwa. Baba alikuwa fundi wa maneno kama alivyokuwa fundi wa wembe. Mzee tuliyemwita Kipara hakuwa na unywele hata mmoja kichwani, lakini kila siku alikuja kunyolewa ndevu ili acheke.

Kabla ya kumnyoa mtu, baba aliujaribu wembe kwenye kidole gumba chake, hata ukiwa mpya. "Wembe usiokijua kidole changu hautagusa kidevu cha mtu!" alijigamba. Kidole chenyewe kilijaa alama za kukatwa.

Siku moja, nikisafisha droo ya vitana, nilikuta kadi ya hospitali chini kabisa. Iliandikwa jina la baba, kisha: "Homa ya ini B. Arudi kupimwa baada ya miezi sita." Nikatazama tarehe. Miaka miwili ilikuwa imepita.

"Baba, hii nini?"

Akaninyang'anya. "Ya wakubwa waachie wakubwa. Nilikwenda kutoa damu, wakaniambia maneno mengi. Mbona siumwi popote? Na wateja wakisikia, nani atakaa kwenye kiti hiki?"

Jumamosi nilimwendea shangazi, dada yake baba, anayefanya kazi maabara. Nilijiona msaliti, nikalia kabla sijasema neno, kisha nikamweleza kuhusu kadi.

"Nyamaza, mwanangu, umefanya vizuri," alisema. "Kirusi hiki hukaa kwenye ini miaka mingi bila maumivu. Kikiingia kwenye seli, hutengeneza protini ndogo mno. Sasa, seli zetu zina walinzi. Seli ikiharibika, walinzi huirekebisha au huizuia isizaane. Protini ile huwavuruga walinzi. Basi seli mbovu inapita, inazaa mbovu nyingine, na taratibu uvimbe wa saratani unaweza kuota."

"Kwa hiyo baba ana saratani?"

"Sijui. Si kila mwenye kirusi huipata. Kipimo ndicho kitakachosema, na dawa za kukituliza kirusi zipo. Twende."

Kibandani, shangazi alisubiri mteja wa mwisho atoke, akafunga mlango. "Kaka, kadi iko wapi?"

"Nani kakwambia?"

"Anayekupenda."

Baba alinitazama. Alitaka kufanya mzaha, mzaha haukuja. Akakiangalia kidole chake, kisha akaketi kwenye kiti cha wateja. Sikuwahi kumwona amekikalia.

Siku ya majibu nilimshika mkono mpaka ukalowa jasho. "Ini limeanza kupata makovu," daktari alisema, "lakini saratani hakuna. Utameza kidonge kila siku, na kila miezi sita nikuone hapa. Kula pamoja na familia hakuna shida. Hatari ni damu. Wembe mmoja, mtu mmoja, na hicho kidole chenye alama za wembe kikae mbali!"

Mama alipimwa, akakutwa salama, akachanjwa. Mimi nilichanjwa nikiwa mchanga. Nilifurahi hadi nikamkumbatia daktari, miwani yake ikaanguka.

Kazi ngumu ilibaki. Jumatatu baba aliwaeleza wateja wake yote, akawaomba radhi na kuwasihi wakapimwe. Wawili waliondoka na hawajarudi mpaka leo. Wengine walikwenda kupimwa, Kipara akiwa wa kwanza.

"Niko salama!" alirudi akitamba. "Haya, ninyoe. Lakini ungenyamaza tu, nani angejua?"

"Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua," baba alijibu. "Mimi nimeumbuliwa na binti yangu kabla kifo hakijafika. Ugonjwa usiouma ndio wa kuwahi, mzee wangu. Mwanangu, ahsante. Umenipa miaka."

Baba akafungua wembe mpya mbele ya Kipara. Kwa mazoea kidole gumba kikainuka. Akakitazama, akakificha ndani ya ngumi.

"Wewe," alikiambia, "umestaafu."