Alionja kwa Jina Langu

Nina miaka ishirini na saba, mzaliwa wa Chonyonyo, Karagwe. Wasomaji wenzangu, hadi leo nikisikia neno "kuonja" machozi yananilenga...

Tulikuwa vijana wanne tukitengeneza programu ya kuwatumia wakulima wa kahawa ujumbe wa simu, wajue gari la kukusanya mazao litapita kwao siku gani. Kiongozi wetu alikuwa Deusi wa Kimuli, mchumba wangu. Nilimpenda jamani!

Kazi zetu zote tuliziweka kwenye ghala moja mtandaoni. Huwezi kuingiza yako kabla mwenzako hajaikagua. Kisha mtambo unaijaribu wenyewe: ukiwaka kijani, pita, ukiwaka nyekundu, rudi ukarekebishe. Ukaguzi ule tuliuita kuonja. Si unajua kwetu aliyeleta rubisi, pombe yetu ya ndizi, huionja kwanza mbele ya watu waone haina sumu? Sisi tuligeuza tu, anaonja mwenzako.

Siku moja Deusi akaniletea kazi yake. Nikakuta imechanganya vijiji, tarehe za Kimuli zinakwenda Nyakatuntu! Nikamwandikia arekebishe. Alinuna... Wageni wanakuja kesho kuiona programu, akasema, na mke mtarajiwa gani anamkatalia mumewe mbele za watu? Sikubadili neno. Nikaenda zangu mazoezi ya kwaya.

Kumbe neno langu la siri alikuwa nalo. Nilimpa mwenyewe, kwa mapenzi. Akaingia kwa jina langu, akaandika kwamba nimeonja na ni salama. Mtambo ulipowaka nyekundu, akauzima!

Wakulima wa Nyakatuntu wakapata ujumbe, wakatoa magunia barabarani. Mama yangu mdogo, mjane, alikuwa miongoni mwao. Gari halikuja. Ikaja mvua! Kahawa waliyoianika kwa jasho ikalowa, ikaoza.

Kwenye kikao wenzetu wakauliza ni nani aliyeonja. Jina lilikuwa langu. Nikakana, nikalia, nikamtazama Deusi anitetee... Akatazama dirishani. Kisha akasema eti hata mtu mzuri hukosea. Nikafukuzwa! Mama mdogo naye akaacha kupokea simu zangu.

Nilipombana tukiwa wawili, alikiri yote, tena akicheka. "Si mambo ya nyumbani hayo? Tukishaoana yataisha." Ningefanya nini? Nikangoja ajirudi.

Hakujirudi. Posa ikaja. Wazee wa Kimuli wakaketi sebuleni kwetu na Deusi wao na kibuyu cha rubisi, mama mdogo naye kaitwa na baba, kaketi pembeni bila kunitazama. Mjomba wa Deusi akataka kuonja kama ilivyo desturi. Nikapiga magoti.

"Shikamooni wazee. Baba, naomba leo aonje Deusi. Ila kwanza amwambie mama mdogo ni nani aliyeonja ile kazi kwa jina langu."

Deusi akakipokea kibuyu, akakiweka chini bila kunywa. Mama mdogo akaja akaniinua, analia kunizidi.

"Wazee," baba akasema taratibu, "rudini na rubisi yenu."

Leo sina kazi wala mchumba, na kahawa ya mama mdogo haitarudi. Ndugu zangu, mpende mtu, mpikie, mwombee, lakini neno lako la siri si zawadi ya uchumba! Na mpenzi akikwambia kati yenu hakuna haja ya kuonja, muulize ndani ya kibuyu ametia nini.