Utepe Ulioungua

Kila Jumamosi asubuhi Cibalonza alipiga pasi nguo za kanisani za watu wote wa nyumbani. Mtaani kwao Cimpunda nyaya za umeme zilikuwa bado hazijafika, kwa hiyo pasi yao ilikuwa ile ya makaa, nzito kweli kweli. Kabla haijagusa nguo, unaitoa nje, unapuliza majivu yaruke, ndipo unaanza. Maman alikuwa amemwambia hivyo mara ngapi!

Jumamosi hii palikuwa na kitu cha pekee mezani: utepe mweupe wa dada yake. Yolande, mwanafunzi wa fizikia katika chuo cha ualimu, alikuwa ameshinda shindano la urembo la mji wiki iliyopita na kuvikwa utepe huo. Jukwaani washindani waliulizwa wangeifanyia nini nchi yao, Zaïre. Wenzake wakataja mavazi na maua, yeye akasema, "Nataka tujenge mtambo wa umeme wa nyuklia. Tuko na urani katika udongo wetu, na maman yangu bado anapika kwa mwanga wa koroboi." Watu wakacheka, kisha wakapiga makofi. Leo saa nane angeyaeleza hayo shuleni kwa akina Cibalonza, mbele ya wanafunzi na wazazi.

Kwa furaha aliyokuwa nayo, Cibalonza alisahau kupuliza majivu. Akasukuma pasi mara moja, mara ya pili, kaa dogo likaruka. Alipolipangusa, tundu la kahawia lilikuwa katikati ya utepe, kubwa kama kifungo cha koti.

Maskini! Akaukunja utepe upesi, tundu likabaki ndani. Asubuhi ile Martine, msichana wa jirani, alikuwa amepita kuomba moto. Basi angesema Martine ndiye aliyeshika pasi. Nani angebisha?

Akaupeleka utepe chumbani. Yolande alikuwa akijisomea hotuba, akachomoa karatasi moja na kuisukuma chini ya godoro.

"Yaya, ile unaificha juu ya nini?" Cibalonza akamuuliza dada yake, akitaka kujua sababu.

"Inaeleza hatari," Yolande akajibu, akiona haya kidogo. "Mtambo ukiharibika unaweza kuumiza watu wengi, na takataka zake zinabaki na sumu miaka na miaka. Nikisema hivyo, wazazi wataogopa. Wacha wasikie mazuri."

Cibalonza akautazama utepe mkononi, ulivyokunjwa vizuri. Machozi yakamtoka.

"Yaya, niliunguza utepe yako. Sikupuliza majivu. Na nilitaka kusema ni Martine."

Yolande akaukunjua. Akapitisha kidole kwenye lile tundu; utepe ulikuwa huo mmoja tu. Kisha akamvuta mdogo wake kifuani.

"Uliungua mukono?"

"Hapana."

"Basi, nyamaza, mutoto yangu. Lakini ungemusingizia Martine, ningekasirika kabisa." Akainama, akaitoa karatasi chini ya godoro.

Saa nane Yolande alisimama mbele ya watu, tundu likionekana wazi kifuani. Akasema mazuri, akasema na hatari. Papa mmoja, mzazi wa mwanafunzi, akainuka nyuma.

"Na hizo takataka mutatupa wapi? Katika ziwa letu?"

"Hapana, papa, si katika ziwa. Lakini mahali pa kuziweka miaka yote hiyo, mimi bado sijui. Ndiyo maana nataka kusoma zaidi."

"Sasa nitakusikiliza," yule papa akasema. "Ungesema mazuri peke yake, ningeenda kwangu." Akaketi.

Mwalimu mkuu, Papa Venant, akauliza tundu lile limetoka wapi. Yolande akamtazama mdogo wake. Cibalonza akasimama, akaeleza yote, hata habari ya Martine na ya karatasi chini ya godoro. Papa Venant akamwekea mkono begani.

"Watoto, mmesikia? Dada angeficha karatasi, na mdogo angeficha tundu, leo tungemwamini nani? Ukikosa, sema wewe mwenyewe, na sema mapema, kabla mwingine hajabebeshwa kosa lako. Na ukitaka watu wakufuate, waambie na lile la kutisha."

Kesho yake asubuhi Martine alikuja tena kuomba moto. Cibalonza akamchagulia makaa makubwa kuliko yote jikoni, akamsindikiza mpaka mlangoni kwao.