Kadi ya Marehemu Tefo

Cherehani ya Modiehi ilikaa mbele ya dirisha, na dirisha lilitazama barabara. Alipenda hivyo. Akishona, anaona nani anapita, nani amevaa nini, na nani amenenepa tangu Krismasi. Pale Botshabelo, Afrika Kusini, watu walisema: ukitaka kujua kiuno cha jirani, muulize Modiehi.

Lakini mwaka ule kazi ilipungua. Mumewe, Tefo, fundi wa mabasi, alifariki mwezi wa tatu. Modiehi akavishwa nguo nyeusi za ujane. Na nani atampelekea mjane mwenye nguo nyeusi gauni la harusi la binti yake? Hawakumchukia. Waliogopa mkosi tu. Walimpungia mkono dirishani, kisha wakapita na vitambaa vyao kwa fundi mwingine. Kwake zikabaki kazi za zipu na viraka.

Jumanne moja asubuhi alikuwa akinywa uji mchachu wa mtama pamoja na wifi yake, Selloane. Huyu alikuwa dada wa marehemu, mwanamke wa maneno mengi na moyo mkubwa. Mara akaingia Keneuwe. Keneuwe alifanya kazi katika ofisi ya ushauri wa sheria, ile ya nyuma ya posta, ambako watu husaidiwa bila malipo.

"Mama, nipunguzie sketi hii kiunoni," alisema. "Mimi si bibi harusi. Mkosi haunitishi."

"Kiuno kimeenda wapi?" Selloane akauliza. "Bwana hakulishi?"

"Ananilisha sana, dada. Ila matatizo yenu nyie watu yananikondesha!"

Wakacheka. Modiehi akaanza kubana pini. Alikuwa amefika nusu, simu ikalia. Alipotazama namba, uso ukamshuka.

"Ndiyo, baba... Najua, ni miezi mitatu... Naomba msije, baba. Hiyo cherehani ndiyo mkono wangu wa kulia... Ijumaa? Nitajitahidi, baba."

Akakata simu. Pini ilimponyoka vidoleni.

"Nani anakuja Ijumaa?" Keneuwe akauliza.

"Watu wa kadi ya Tefo. Kadi yake ya mkopo, tuliyonunulia friji. Tangu tumzike nimelipa miezi mitano. Halafu kazi zikakauka, nikakosa miezi mitatu. Wameongeza faini juu ya faini. Sasa wanasema watachukua cherehani."

"Ulilipa kwa nini, mama?"

Selloane akaweka bakuli chini kwa kishindo. "Swali gani hilo! Mjomba alisimama makaburini, mbele ya watu wote. Akasema, 'Anayemdai Tefo aje kwetu, asimfuate huko aendako.' Ndivyo tunavyozika sisi. Ulitaka ndugu yangu aende na deni mgongoni?"

"Desturi nzuri hiyo, dada. Hata baba yangu tulimzika hivyo. Lakini mjomba alisema waje. Je, alisema wakija msiwaulize kitu?"

Selloane akalichukua tena bakuli lake.

"Nileteeni karatasi za kadi," Keneuwe akasema.

Modiehi akaleta kopo la biskuti. Bahasha zilijaa humo, nyingi hazijafunguliwa. Aliona haya. Kila bahasha ilipokuja, moyo ulimwambia: iweke, usiifungue, itakuumiza. Keneuwe hakumlaumu. Alichukua mkasi wa kushonea, akazichana moja moja. Hakuweza kukaa kwa sababu ya pini, basi alisoma akiwa amesimama.

Ghafla akarudi juu ya ukurasa. Akasoma tena. Kisha akatabasamu.

"Kitendawili!"

"Tega!" Selloane akaitika upesi.

"Kila mwezi hula kwako. Siku ya msiba haonekani."

"Shemeji yangu wa Thaba Nchu!" Selloane akapiga kelele. "Na watoto wake wote!"

Hata Modiehi alicheka, na hakuwa amecheka kwa siku nyingi. "Tumeshindwa. Tunakupa mji."

"Mji nimeupokea. Jibu ni bima. Tazameni mstari huu mdogo. Kila mwezi Tefo alikatwa hela ya bima ya mkopo. Miaka minne amekatwa! Sasa tusome mkataba, maana kila bima ina masharti yake." Kidole chake kikashuka taratibu kwenye karatasi. "Hapa. Mwenye kadi akifa, bima inalipa deni lote lililobaki."

"Bima?" Modiehi akauliza. "Si mimi?"

"Si wewe, mama. Hiyo miezi mitatu hukuvunja ahadi. Deni lilitakiwa limalizwe na bima tangu Tefo alipofariki. Na ile mitano uliyolipa, warudishe."

Selloane alipiga vigelegele mpaka mbwa wa jirani wakabweka. Modiehi hakupiga. Macho yake yalikuwa kwenye cherehani.

"Na Ijumaa?"

"Ijumaa shona. Hakuna mtu wa kampuni anayeweza kuingia kwako akabeba kitu kwa maneno ya simu. Kwanza wakuandikie barua ya onyo. Kisha waende mahakamani, na mahakama itoe amri. Hata hapo, anayekuja ni afisa wa mahakama mwenye karatasi, si hao wapiga simu. Umepata karatasi ya mahakama?"

"Hapana."

"Basi wanakutisha. Lakini wewe nawe usikae kimya. Tunaandika leo."

Waliandika palepale, juu ya meza ya kukatia nguo. Barua ilikuwa fupi. Ilitaja jina la Tefo, namba ya kadi na tarehe ya kifo. Iliomba bima ilipe deni, faini zifutwe na malipo ya miezi mitano yarudishwe. Modiehi alikwenda kituo cha polisi, nakala ya cheti cha kifo ikagongwa muhuri wa uthibitisho. Cheti chenyewe hakukitoa. Aliituma barua pamoja na nakala hiyo kwa rejista, akapewa risiti, na nakala ya barua akaiweka nyumbani.

Ijumaa ikafika. Modiehi alishona zipu sita, na kila gari lililopunguza mwendo lilimkata pumzi. Jua likazama. Hakuja mtu.

Baada ya wiki mbili likaja jibu. Modiehi alilifungua mwenyewe, palepale getini. Lilisema: "Hatukuwahi kujulishwa kuhusu kifo. Faini zinabaki."

Alikwenda ofisini kwa Keneuwe akikaribia kukimbia, vazi jeusi likipepea.

"Waongo!" alisema. "Niliwaambia! Kijana alinijibu, 'Pole, mama, lakini malipo yanaendelea.'"

"Siku gani?"

"Siku niliyovishwa nyeusi. Nitaisahauje? Tarehe kumi na nne, mwezi wa tatu. Wanawake walikuwa sebuleni wananisubiri na nguo, na mimi niko jikoni na simu."

"Alipopokea simu, alianza kusema nini?"

"Maneno yao ya siku zote: 'Mazungumzo haya yanarekodiwa.'"

Wakatazamana. Kisha wote wawili wakaanza kucheka kwa pamoja.

"Wenyewe wamejirekodi!" Keneuwe akasema, akipiga meza. "Wapigie. Sasa hivi. Si mimi, wewe."

Keneuwe akamweleza la kusema, na habari za msuluhishi wa mambo ya fedha, anayeamua bure kati ya kampuni na wateja. Modiehi akapiga. Moyo ulimdunda kama cherehani iliyokanyagwa kwa nguvu.

"Mama, una malipo ya miezi mitatu..." sauti ikaanza.

"Jina lako kwanza, baba."

"Samahani?"

"Jina lako, na namba ya malalamiko yangu. Ninaandika." Akaandika. "Vizuri. Sasa sikiliza. Nataka rekodi ya simu yangu ya tarehe kumi na nne mwezi wa tatu. Humo nimewaambia mume wangu amefariki. Msiponijibu kwa barua ndani ya siku mlizopewa na sheria, napeleka malalamiko kwa msuluhishi wa mambo ya fedha. Kwake silipi hata senti."

Sauti ikasema, kwa adabu mpya kabisa: "Nitalipeleka jambo hili kwa mkubwa wangu, mama."

"Mpelekee na jina lako," Modiehi akasema. Alipokata simu, alikaa chini ghafla.

Mwezi haukuisha kabla ya jibu kuja. Barua ilipokuja, Selloane aliisoma kwa sauti barabarani, na majirani wakatoka nje. Rekodi imepatikana. Bima imelipa deni lote. Faini zimefutwa. Jina la Tefo limeondolewa kwenye orodha ya wasiolipa. Malipo ya miezi mitano, randi elfu tatu, yanarudishwa.

"Soma tena!" jirani mmoja akasema.

"Nisome tena? Nitaisoma mpaka kesho!"

Jumamosi iliyofuata wanawake wanne walifika kwa Modiehi. Hawakuleta nguo. Kila mmoja alileta bahasha zake, na mmoja alizibeba kwenye ndoo. Modiehi aliwapa mkasi. "Fungueni kwanza," aliwaambia. "Tafuteni mstari wa bima. Tukishindwa, Keneuwe yupo."

Hela iliporudi, alikwenda kwa mchonga mawe. Alichagua jiwe la kijivu la kaburi la Tefo, la kawaida tu, lakini limesuguliwa vizuri. Akaomba lichongwe jina lake, na chini yake: Fundi wa mabasi.

Mchonga mawe akamtazama mjane yule mwenye vazi jeusi kwa huruma.

"Mama, ukitaka, lipa kidogo kidogo kwa kadi. Wengi wanafanya hivyo."

"Asante, baba," Modiehi akasema, akihesabu noti mezani. "Tefo analipa taslimu. Niandikie risiti."