Ripoti za Saning'o

Umeme ulikatika saa tano asubuhi, na duka la fotokopi la Badrudin, karibu na Soko Kuu, likajaa watu wenye hasira. Mwaka ule wa tisini na sita kila mtu Arusha alikuwa na andiko la kuomba ufadhili: vikundi vya akina mama, makanisa, vijana wa kupanda miti. Mji mzima ulikuwa unaomba.

Namnyaki alibanwa mlangoni, gauni la kitenge cha bluu, sweta ya kijivu, karatasi kakumbatia kifuani. Mtu akampiga kikumbo, zikatawanyika sakafuni. Mwanamume mrefu mwenye shati la drafti akainama kumsaidia, akasoma mstari mmoja, akasahau kusimama.

"Hii ni ripoti ya Saning'o!"

Namnyaki alishtuka kusikia jina hilo likitamkwa kwa sauti kubwa namna ile.

"Unamfahamu?"

"Namsoma tu. Naitwa Elieza, nipo kwenye shirika la Njiro linalofadhili utafiti wake. Dada, wataalamu wote wananiletea takwimu. Huyu peke yake ndiye ananifanya niwaone ng'ombe wenyewe. Wewe nani wake?"

"Msaidizi."

Alikuwa mjane wake. Saning'o alikufa kwa ajali ya lori barabara ya Namanga, mwezi mmoja tu baada ya kupata ufadhili wa kuchunguza alalili, yale malisho ambayo watu wa Oldonyo Sambu huyafunga wakati wa mvua ili ndama wapate majani kiangazi. Kijiji kilikuwa kimeahidi kutompa mkulima mkubwa wa maharage eneo lile maadamu utafiti unaendelea. Utafiti ukifa, malisho yanalimwa. Basi Namnyaki aliendelea kupima majani, akaandika ripoti mwenyewe, na chini yake akasaini jina la mumewe. Kwao jina la marehemu halitamkwi. Kuliandika, alijiambia, ni jambo jingine.

Lakini kuandika miaka miwili kwa jina la mtu aliyekufa si mchezo. Siku nyingine, chumbani kwake Sekei, alihisi mumewe yuko nyuma ya kiti anamsahihisha. Aliacha kukaa upande wa meza aliokuwa akikaa marehemu. Akimaliza ripoti alikuwa akisubiri kidogo, kama anayengoja kuambiwa imekaa vizuri.

Tangu siku ile ya dukani, Elieza akawa anampigia simu kwa mama mwenye nyumba wake.

"Haloo, naomba Namnyaki."

"Katoka," alijibu Namnyaki mwenyewe. "Kaenda kutafuta mwanamume anayepiga simu kwa wakati."

"Mpenzi, laini ilikuwa mbovu!"

"Laini, au wewe?"

"Mimi niko sawa kabisa. Jumamosi nakuja nimenyoa, nimepiga pasi, hutanitambua."

"Nitakutambua kwa kuchelewa."

Jumamosi hizo walikula mishkaki, wakatembea taratibu, na Namnyaki akacheka mpaka akajionea aibu. Alimpenda, hakuna la kuficha hapo. Shida ni kwamba kila mara Elieza alimleta marehemu katikati yao.

"Nimerudia ile sehemu ya ndama kipofu anayefuata harufu ya majani. Bosi wako ana moyo, mama! Utanikutanisha naye lini?"

"Hapendi mjini," alisema Namnyaki. Maneno yale ya ripoti yalikuwa yake mwenyewe, na sifa zote zilimwendea mtu aliye kaburini.

Mwezi wa nane Elieza alitumwa kukagua mradi kabla ya awamu ya pili, safari ikaja ghafla hata hakupata nafasi ya kumuaga Namnyaki. Oldonyo Sambu kulikuwa na vumbi na upepo mkali. Alimkuta mama mmoja, Nanyori, ameketi nje ya nyumba.

"Shikamoo, mama. Namtafuta Saning'o."

Mama akajifunika shuka usoni, akainuka, akaingia ndani. Mwanamume mmoja aliyekuwa karibu akamshika Elieza mkono, akamsogeza pembeni.

"Hapa usimuulizie huyo. Kamuulize mke wake, Namnyaki. Anakaa Sekei."

Kwa Elieza, mtoto wa Machame, marehemu huandikwa msalabani na mjukuu akapewa jina lake. Watu wanaogoma kumtaja mtu, alijua sababu moja tu: wanamficha. Akarudi mjini moyo umechafuka.

"Una mume," alisema kwenye simu, bila haloo.

"Elieza, nisikilize..."

"Una mume, na ukoo mzima unakufichia siri! Nami mjinga namsifia kwako kila Jumamosi. Yuko wapi?"

Namnyaki alifungua mdomo. Jina halikutoka, wala neno la kifo.

"Siwezi kusema," alinong'ona.

"Basi usiseme." Simu ikakatwa.

Siku tatu hakula cha maana. Ya nne alivaa gauni jeusi, akaenda Njiro, akaingia ofisini kwa Elieza akamkuta na mkurugenzi wake, Mikaeli. Akasimama hapohapo mlangoni.

"Saning'o amekufa," alisema. Akalitaja jina tena ili amalize. "Saning'o alikufa mwaka tisini na nne, mwezi wa nne. Ripoti zote baada ya hapo ni zangu. Saini pia nimeighushi mimi."

Mikaeli alisitisha ufadhili siku ileile. Hata hivyo hakuwa mtu mgumu: alimpa nafasi ya kuomba upya kwa jina lake mwenyewe, na kijiji kikakubali kusubiri jibu hadi vuli.

Elieza alimkimbilia hadi getini.

"Ndama kipofu ni wako?"

"Wangu."

"Namnyaki, nimekuwa nikimwonea mtu wivu kwa maneno yako! Nisamehe. Faili lako sitaligusa, nimemwachia Mikaeli. Mimi nataka kuja kwenu kwa shughuli nyingine."

"Ipi?"

"Kuposa."

Namnyaki alilia, akajipangusa kwa mkono wa sweta. "Kwanza ukamwombe radhi mama mkwe wangu, Nanyori. Ulimtaja mwanawe mbele yake."

Walikwenda Jumapili. Elieza aliinama mbele ya Nanyori. "Nisamehe, mama. Sikujua."

Mama alimtuma Namnyaki ndani akachemshe chai, kisha akamvuta Elieza mkono wa shati.

"Wewe si wa huku."

"Hapana, mama. Wa Machame."

"Kwenu mnawataja."

"Tunawataja."

"Mimi hapa siruhusiwi, wala hakuna wa kunitajia. Siku ile sikuingia ndani kwa hasira. Nilikwenda kulia. Miaka miwili nilikuwa sijalisikia jina lake." Akatazama huku na huku. "Liseme tena. Polepole."

Elieza aliinua macho. Namnyaki alikuwa amesimama mlangoni na sufuria mkononi, machozi yanamtiririka, akatikisa kichwa kukubali.

"Saning'o," alisema Elieza.

Mama akafumba macho.

"Tena."